Kidole Gumba cha Mama Mkwe

Chupa ya tatu ilipasukia ukutani, shubiri moja kutoka kichwani mwa mke. Maharage machanga yakateleza chini pamoja na maji yake, meupe kwa mapovu.

"Mbovu tena!" mumewe alifoka. Watu walimwita Fundi, kwa kuwa alitengeneza magari. Injini alizijua, jiko hakulijua, lakini ni yeye aliyezima chungu cha presha cha kusindikia kabla chupa hazijaiva sawasawa, eti gesi inakwisha. Kumkumbusha hilo ilikuwa ni kujitafutia makubwa.

Kwa kila chupa mbovu, mke alipigwa. Ya kwanza, jino lilitoka. Ya pili, mbavu. Hii ya tatu, spana ya gereji ilitua kwenye mkono wake wa kushoto na mfupa ukalia ko! Aliuma kanga yake asipige kelele.

"Imebaki moja," Fundi alisema akihema. "Nayo ukiniambia imeharibika, navunja na huo mwingine. Mnitengee hivyo hivyo, baridi." Akatoka kwenda uani kunawa damu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kona muda wote ule, mkoba mapajani, hata kope hakupepesa. Alikuja asubuhi hiyo kukagua chupa. Miaka arobaini mtaa mzima ulikuwa ukimletea vyakula vya kusindika, naye akibonyeza kila kifuniko kwa kidole gumba cha kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda kiwikoni tangu ujana wake. Kifuniko kikitulia, kuleni. Kikibonyea na kurudi juu, ta!, mwageni mbali, hata kama hakinuki, maana sumu yake haina harufu wala ladha.

Alikosea mara moja tu maishani. Baba yake Fundi alikula mchana chupa aliyoipitisha yeye, kesho yake akashindwa kumeza mate, siku ya nne akazikwa. Majirani walimpa pole mara mbili, ya msiba na ya kukosea.

Mke alipiga magoti mbele yake. Alimwogopa mama huyu, na leo alimchukia pia, kwa kukaa kimya vile.

"Mama, nakuomba. Ikiwa mbovu, umwambie wewe. Mimi nikisema ataniua."

"Mwanangu ni mkali," alisema mama mkwe. "Baba yake mtupu."

"Na kumlisha sumu siwezi, mama. Mume wangu yule."

"Najua huwezi. Lete chupa."

Aliileta kwa mkono mmoja, ule mwingine ukining'inia. Mama mkwe akaiweka mezani, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaweka kidole gumba katikati ya kifuniko. Mke alifumba macho na kuomba kitulie. Mama mkwe akabonyeza.

Ta!

Kifuniko kikarudi juu. Wote wawili walikisikia.

"Mama!" Fundi aliita kutoka uani. "Vipi hiyo?"

Mama mkwe alifungua chupa, akamimina maharage yote kwenye sahani moja, akavuta kiti cha mwanawe.

"Nzima kabisa, baba," alijibu. "Njoo ule."