Mwanga wa Mchicha

Kwa sheria, mwanga mwekundu na wa buluu ulikuwa wa mimea, maana ndio majani yanaoula zaidi. Watu waliachiwa ule wa kijani, ambao majani huurudisha, na kila dirisha lilibandikwa karatasi ya kijani.

Mwana mchanga wa Tumwagile alipokataa kunyonya, mama huyo alibandua karatasi ya dirisha ili amwone vizuri. Macho ya mtoto yalikuwa ya manjano. Akambeba mbio hadi banda la mchicha la mtaa, akamlaza juu ya tuta, chini ya taa za buluu.

“Mtoe!” alifoka Atupele, mlinzi wa banda. “Anauzibia mchicha mwanga.”

“Ana ugonjwa wa manjano, dada. Taa hizi ndizo dawa yake.”

“Na wanetu watakula nini?”

Wanawake wakajaa mlangoni, wakimzomea. Tumwagile hakubanduka kwa siku mbili. Mtoto akapona, lakini mchicha wa tuta lile ulipauka na kuoza.

Siku ya kumpa mtoto jina hakuja mtu. Hadi leo Tumwagile akipita naye mgongoni, wanawake humtazama mtoto kama kiwavi aliyeonekana kwenye jani.