Doa Kwenye Picha ya Moyo

Daktari Mwanakheri alikwisha kumwambia Mzee Shebe kwamba moyo wake ni mzima, lakini roho ya daktari mwenyewe ilikataa kutulia. Picha ilikuwa laini mno, maana kompyuta huzifuta chenga, vile vidoa vya uongo vinavyotiwa na mashine. Akaupunguza ulaini ule, na ukutani mwa moyo likatokea doa jeusi. Akaurudisha, doa likatoweka. Ni mahali damu isipofika, au ni chenga za mashine tu?

"Mwanangu, niende zangu?" mzee aliuliza, mkono ukiwa kwenye kitasa. "Mama watoto yuko nje, hali wala hanywi."

Daktari aliona haya, lakini akainuka. "Samahani, baba. Niliharakisha. Naomba turudie picha."

Mzee aliachia kitasa, akalala tena kitandani. Mashine ikaanza kunguruma, na moyo ukajichora upya kwenye kioo, nukta baada ya nukta.