Asiyeinua Mkono

Marketta ndiye aliyeiona damu. Ilikuwa imechuruzika kutoka kidole gumba cha mumewe hadi kwenye meno ya reli, kile chuma cha kufungia vifaa juu ya bunduki, na Rauno alikuwa bado amekazana na bisibisi.

"Rauno! Si unatoka damu!"

"Niache nimalize skrubu hii."

Akajifuta kwenye suruali, akaendelea. Hasira iliyomkaba tangu Jumapili haikumwachia nafasi ya kuhangaika na vidole.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya mchezo, ya kutema vipira vya plastiki, na mchezo wenyewe unasimama juu ya uaminifu mtupu. Kipira hakiachi alama. Ukipigwa, unainua mkono mwenyewe, unasema "Nimepatwa," unatoka. Ukinyamaza, hakuna wa kukuumbua. Ndivyo walivyocheza miaka kumi na minne katika msitu wa nje ya mji wa Kouvola, na kundi hilo Rauno alilianzisha yeye na Ilpo, rafiki yake tangu walipokuwa jeshini.

Sasa Ilpo alikuwa amegeuka tapeli. Jumapili mbili mfululizo Rauno alimmiminia vipira, na jamaa akapita zake kama hakuna kitu.

"Wewe ni maiti gani usiyetaka kuzikwa?" Rauno alimfokea mbele ya watu.

"Nani, mimi?" Ilpo naye akawaka. "Wewe ndiye usiyeinua mkono! Nimekupiga mpaka nikachoka, bwana!"

Almanusura wakunjane. Tuire, mwanamama mwamuzi asiyependa kelele, aliwatenganisha na kutoa uamuzi: Jumapili inayofuata angewafuata wao wawili tu. Atakayeonekana amepigwa na asiinue mkono, anatoka kundini moja kwa moja.

"Safi kabisa," alisema Rauno. "Na asirudi hata kuomba kahawa."

Ndipo aliponunua darubini ya kulengea, ile fupi yenye nukta nyekundu. Dukani aliwatoa watu jasho. Yenye umbo la bomba aliikataa, maana ukivaa miwani na barakoa jicho linatafuta tundu mpaka adui anakuzunguka. Yenye nukta kubwa aliikataa pia, kwa sababu kwa mita arobaini inafunika kichwa kizima cha mtu. Alichukua ya kioo kilicho wazi, nukta ndogo, kioo kisicho na rangi ya bluu, kwani mwezi wa Novemba msitu una giza la kutosha. Akaongeza kibao cha kuinyanyua, ili shavu lenye barakoa lipate mahali pa kukaa, na ngao ya plastiki ya kukinga kioo kisipasuliwe na kipira.

Nyumbani aliifunga, akaifungua, akaifunga tena, kwa kuwa mara ya kwanza ilikaa juu ya maungio ya reli mbili na ikawa inacheza. Akatia tone la gundi kwenye skrubu. Kisha akaenda uani, akazungusha vile viskrubu vya pembeni kidogo kidogo hadi nukta na kipira vikakubaliana kwenye sufuria kuukuu, mita thelathini. Darubini hiyo haikuzi kitu, ila nukta ilipo ndipo kipira kinapokwenda. Rauno hakutaka kubahatisha tena.

Jumapili ilikuja na mvua iliyochanganyika na theluji. Rauno alilala nyuma ya msonobari ulioanguka. Ilpo alipochomoza, nukta ilimkaa kifuani. Rauno akafyatua.

"Nimepatwa!" Ilpo alipaza sauti papo hapo, mkono juu, akatoka.

Badala ya kufurahi, Rauno alisaga meno. Mnafiki mkubwa! Leo anainua kwa sababu anaangaliwa.

Mzunguko wa pili alitambaa hadi kwenye mtaro, jicho kwenye nukta, akimtafuta Ilpo mbele. Filimbi ikalia. Tuire alikuwa amesimama juu yake.

"Rauno, toka. Umepigwa mgongoni mara nne."

"Nani kapigwa?"

"Wewe. Nimeona kwa macho yangu vipira vikidunda."

Damu ilimpanda kichwani. Akainuka, akamwona Ilpo nyuma ya Tuire, bunduki ameshusha.

"Mmepanga! Miaka kumi na minne, mnataka kunifukuza kwenye kundi langu mwenyewe?"

"Labda ni koti," alisema Ilpo. "Koti lako ni zito."

"Usinitetee wewe!"

Akalivua koti, akalitupa matopeni. Akavua na sweta. Akabaki na fulana ya ndani, theluji ikimwangukia mabegani.

"Haya, nipimeni! Nipimeni hapa hapa, halafu tuone ni nani mwongo!"

Tuire akainama, akaokota vijiti vikavu chini ya msonobari.

"Geuka. Nikikuchoma, inua mkono."

Rauno akageuka, akautazama msitu, mkono tayari. Angewaonyesha. Hata wakimgusa kwa unyoya angeinua, na siku hiyo hiyo Ilpo angefungasha virago vyake.

Wakamngojesha. Alisikia vijiti vikivunjika nyuma yake, akajua wanahamisha miguu tu, wanapoteza muda kwa makusudi ili apigwe na baridi na kunywea.

"Mnangoja nini?" alinguruma. "Nichomeni basi!"

Kisha akaisikia sauti ya Ilpo, ndogo, haina ugomvi wowote.

"Rauno, ndugu yangu. Hicho ni kijiti cha tatu kuvunjika mgongoni mwako."