Kigae cha Moto

Wiki ya tatu sasa, mabenchi ya Eliwaza yalikuwa bado matupu. Alikuja kijijini kujitolea kuwafundisha kina mama kusoma. Kila aliyemwalika aliitikia kwa heshima, akaahidi kuja, asije.

Asubuhi hiyo alikuta paa limevuja na kiberiti kimelowa chepechepe. Alitaka anywe uji kwanza, ndipo afunge mizigo arudi kwao. Akajikaza, akapiga hodi kwa jirani.

"Shikamoo, Mama Nyamizi. Naomba moto."

Mama Nyamizi akaacha kupepeta mtama, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Marahaba, mwanangu. Tangu uje hujaomba hata chumvi. Tukasema huyu ana kila kitu, hana shida na mtu. Sasa sisi tungeanzia wapi kuja kukuomba herufi?"

Akatandaza jivu kwenye kigae cha chungu, akaweka kaa jekundu juu yake. "Nenda polepole, lisizimike."

Eliwaza alivuka uwanja akilipuliza, macho yamemwiva kwa moshi.

Uji haujachemka, hodi ikapigwa. Mama Nyamizi alitaka chumvi kidogo tu. Alipopewa hakuondoka. Aliketi kwenye kinu kilicholala, akaokota kipande cha mkaa uliozimika pembeni ya jiko, akamnyooshea.

"Na jina langu, mwalimu, linaanzaje?"

Eliwaza akakung'uta jivu kwenye kile kigae, akakipangusa kwa kanga yake. Kilikuwa bado cha moto.