Jina Kwenye Pakiti

Pakiti ya soseji iliandikwa: "Nyama tupu ya ng'ombe. Mchinjaji: Mwengo." Ndani Mwengo alikuta unga na kipande cha ngozi ya nguruwe, manyoya yangalipo.

Aliingia na pakiti hiyo na kisu chake katika duka lililoiuza, akamkwida meneja, akambwaga sakafuni kando ya friza.

"Mnyama huyu nilimchinja lini?"

"Ni lebo tu, mzee wangu. Watu wanaliamini jina lako."

Mwengo akampiga ngumi, jino likaruka. Akamlaza kwa ubavu wa kushoto, akamwelekeza kibla, akamkanyaga bega. Kisha akasita, akachukua chupa ya maji rafuni.

"Kunywa," akasema kwa upole. "Sijawahi kuchinja mnyama mwenye kiu."

Meneja akaubana mdomo. Maji yakamtiririka shingoni.