Ubeti wa Mwisho

Ubaoni palikuwa na beti tatu za shairi la mama anayebeba ndizi kichwani hadi sokoni Manyovu, na chini yake jina la mwalimu mwenyewe. Kidato cha nne walikuwa kwenye marudio. Vina walishavitaja, mizani walishaihesabu kwa vidole, tashbiha walishaipigia mstari.

"Mwalimu," msichana wa dirishani aliuliza, "jana ulisema washairi wengi hujitaja jina kwenye ubeti wa mwisho. Mbona wewe hukujitaja?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

Ubeti wa mwisho ulikuwepo. Aliusoma mwezi wa tatu, ndani ya daftari la mwanafunzi alilolichukua kusahihisha, na jina lililotajwa humo lilikuwa Firdausi. Akauacha huo, akaenda kughani zile tatu kwenye mashindano ya walimu Kibondo, akarudi Kasulu na cheti. Mkuu wa shule alikitundika ofisini, kisha akaagiza shairi hilo lifundishwe.

Chaki bado ilikuwa mkononi. Mwalimu akajikuta anatazama dawati la mbele, alipoketi Firdausi.

"Nafasi haikutosha ubaoni," Firdausi alimjibu mwenzake, kabla mwalimu hajafumbua kinywa. "Angeuandika wapi?"

Nafasi ilikuwepo, tena tele. Nusu nzima ya ubao ilikuwa tupu.

Firdausi akainama, akaendelea kunakili shairi. Alipofika mwisho akaandika jina la mwalimu, taratibu, kwa mwandiko ule ule wa lile daftari.