Kichwa cha Mjukuu

Bi Mize alipasha viganja jikoni, tayari kumkanda mjukuu kichwa kiwe cha mviringo.

"Mama, kichwa usikiguse," alisema Salha, mke wa mwanawe. "Kazaliwa kabla ya miezi yake."

"Mumeo alikandwa na nani?"

"Daktari kasema ubongoni kuna seli zimesimama kama ngazi. Seli za neva ndizo zinazozipanda, kila moja ikitafuta mahali pake. Bado hazijafika zote."

"Zinapanda sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Bi Mize alimtazama mtoto aliyelala. Viganja vilikuwa bado na joto. Akaviteremsha taratibu, akazishika zile nyayo mbili ndogo, kama mtu anayemshikia ngazi mwenzake aliye juu.